Papa Anaweza Kuwa Mdogo Kiasi Gani?

Mkubwa kuliko wote wa spishi yake hufikia sentimita 24 tangu ncha ya pua hadi mwisho wa mkia. Wanasayansi humwita Eridacnis radcliffei. Hapa nitamwita papa mkia-utepe, kwa kuwa mkia wake ni mrefu, mwembamba na bapa, bila lile pezi la chini linalowapa papa wa bahari kuu mkia wenye umbo la mundu. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, mapezi mawili ya mgongoni yana weusi weusi, na mkiani kuna miraba hafifu. Huishi karibu na sakafu ya bahari, juu ya matope, kutoka Tanzania na Ghuba ya Aden hadi kusini mwa India, Ghuba ya Bengali, Vietnam na Ufilipino. Chakula chake ni samaki wadogo na jamii ya kamba, na ngisi kwa uchache.

Kwa vipimo hivyo, mtu angedhani la kuuliza ni kwa nini papa huyu amekuwa mdogo hivi. Mimi naona swali lenye faida limekaa upande wa pili: kwa nini amekomea hapo? Samaki wenye mifupa wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2006 wataalamu walimtangaza Paedocypris progenetica, samaki wa maji meusi ya vinamasi vya Sumatra, ambaye jike wake hukomaa akiwa na milimita 7.9. Papa jike mdogo kabisa mwenye uwezo wa kuzaa humzidi samaki huyo kwa urefu karibu mara ishirini. Muda wa kubadilika umekuwepo tele, lakini ukoo wa papa una mpaka wa udogo ambao haujauvuka. Papa mkia-utepe ni mmoja wa wachache waliousogelea, na mwili wake unatuonyesha mpaka huo unatokana na nini.

Habari zake zinaanza na meli ya Albatross, mali ya idara ya uvuvi ya Marekani, iliyofanya utafiti katika visiwa vya Ufilipino kuanzia 1907 hadi 1910. Karibu na kisiwa cha Jolo wavu ulipandisha jike mmoja wa sentimita 23 hivi. Hugh McCormick Smith alimwandika mwaka 1913 na kumpa jina la Lewis Radcliffe, mwanasayansi aliyekuwa katika msafara huo. Mwaka mmoja kabla, Smith na Radcliffe kwa pamoja walikuwa wameshatangaza papa mwingine kibeti kutoka msafara uleule, Squaliolus laticaudus, ambaye mchana hukaa kilindini na usiku hupanda kufuata chakula. Safari moja ikatoa wawili kati ya papa wadogo kabisa duniani. Silioni hilo kuwa bahati tu. Wavu wa utafiti una matundu madogo na hukokotwa pale ambapo mvuvi wa biashara hana haja ya kwenda, na katika mambo ya bahari, unachokijua hutegemea sana ukubwa wa tundu ulilotumia.

Nani hasa ndiye mdogo kuliko wote? Mashindano haya hupendwa na vitabu vya maajabu, na sina subira nayo. Taji hupewa mara nyingi Etmopterus perryi, papa anayetoa mwanga, aliyeandikwa na Stewart Springer na George Burgess mwaka 1985 kutoka upande wa Kolombia wa Bahari ya Karibi. Yeye hufikia kama sentimita 21. Ukipima urefu wa juu, anashinda. Ukipima urefu wa kukomaa, mambo yanakaribiana mno: jike wa papa mkia-utepe hukomaa akiwa na sentimita 15 au 16. Wawili hawa hawana udugu wa karibu. Mmoja ni wa ukoo wa papa wenye miiba mgongoni, mwingine ni wa oda moja na papa pingusi na papa wengi wanaofika kwenye mnada wa Feri, Dar es Salaam. Wamefika kwenye udogo uleule kwa njia mbili, na hapo ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na maana.

Tutazame mimba. Jike wa papa mkia-utepe hazai mayai bali watoto walio hai. Ovari inayofanya kazi ni moja tu, ile ya kulia, lakini mifuko ya uzazi ni miwili. Humo hukua mtoto mmoja au wawili, basi. Hawaunganishwi na mama kwa kondo wala kitovu cha kupitisha chakula. Kila kiinitete kinakula akiba ya kiini cha yai lake mpaka siku ya kutoka. Na siku hiyo ikifika, mtoto ana urefu wa kama sentimita 11.

Hesabu hiyo inastahili kutazamwa polepole. Mtoto wa sentimita 11 kwa mama wa sentimita 22 ni nusu ya urefu wake. Uzito hauendi sambamba na urefu: kiumbe mwenye umbo lilelile akizidishwa urefu mara mbili, uzito wake huwa mara nane. Kwa hiyo kila mtoto ana kama sehemu moja ya nane ya uzito wa mama, na wakiwa wawili ni robo nzima. Ni kama mwanamke wa kilo 60 ajifungue pacha wenye kilo 15 kwa jumla. Kwa jike aliyekomaa juzi, mwenye sentimita 16, mambo ni mazito zaidi, maana mtoto mmoja peke yake angekaribia theluthi ya uzito wake. Vipimo hivi ni vya makadirio, kwa kuwa kichwa cha kichanga huwa kikubwa ukilinganisha na mwili na mkia wake ni mwembamba, lakini hata ukipunguza hapa na pale, picha haibadiliki. Nadhani hapa ndipo inapotoka idadi ya mmoja au wawili: mfuko mmoja wa uzazi una nafasi ya mtoto mmoja tu.

Sasa linganisha na papa potwe, yule mwenye madoa meupe anayeonekana karibu na Kilindoni, Mafia, akichuja vijidudu vya majini kwa mdomo wazi. Mwaka 1995 jike mmoja wa zaidi ya mita 10 alivuliwa Taiwan akiwa na viinitete kama 300, na wale waliokaribia kuzaliwa walikuwa na urefu wa sentimita 60 hivi. Mtoto wa potwe ana sehemu kama moja ya kumi na saba ya urefu wa mama yake, mtoto wa papa mkia-utepe ana nusu. Papa mkubwa kuliko wote duniani huzaa watoto wadogo wengi kwa mpigo. Huyu mdogo huzaa majitu, tena kwa kuhesabu.

Kuna ulinganisho mwingine ninaouona kuwa na uzito zaidi, nao hauhusu majitu. Katika bahari za Ulaya yuko papa wa kawaida sana, Scyliorhinus canicula, anayetumiwa katika maabara nyingi. Jike wake ana sentimita 60 au zaidi, na hutaga makumi ya mayai kwa mwaka, kila yai ndani ya kifuko kigumu chenye nyuzi za kujifunga kwenye mwani. Mtoto anayetoka katika kifuko hicho ana sentimita 9 au 10. Mama huyu ni mrefu karibu mara tatu kuliko papa mkia-utepe, na bado watoto wao wangelingana, tena wa papa mkia-utepe angezidi kidogo. Kwa maneno mengine, mama amepungua, mtoto hakupungua.

Kwa nini mtoto asipungue? Samaki mwenye mifupa hutaga mayai madogo ambayo huangua vibuu vya milimita chache. Kibuu hicho huelea na mkondo, kikila viumbe visivyoonekana vizuri kwa macho, na maelfu kwa maelfu hufa kabla hawajafanana na wazazi wao. Papa hana kipindi hicho. Hakuna kibuu cha papa katika bahari yoyote. Siku anayozaliwa au kuanguliwa, papa ni papa kamili, mwenye meno, ngozi ya vijimeno, na wajibu wa kuwinda mwenyewe tangu saa hiyo. Kwa hiyo lazima awe na ukubwa wa kumwezesha kumeza kitu kinachopatikana mahali alipo, na wa kumnusuru na nusu ya wale wanaotaka kummeza yeye. Juu ya matope ya mita mia tatu, kitu hicho ni kamba mdogo au kisamaki, wala si chembechembe zinazoelea.

Yapo maelezo mengine, ya kemia, ambayo huwavutia wanafiziolojia. Damu ya papa imejaa urea, na mwili mdogo una eneo kubwa la nje kwa kila gramu ya uzito. Kwa hiyo kichanga mdogo sana angepoteza urea kwa kasi na kulazimika kuitengeneza upya kila mara. Hoja hii ina ukweli ndani yake, ila sidhani inatosha kueleza mpaka wenyewe, kwa sababu viinitete vya papa vilivyo ndani ya vifuko vya mayai, vikiwa vidogo kuliko kichanga yeyote, hudhibiti urea yao vizuri. Hoja ya chakula na maadui inanikaa zaidi.

Hapa Etmopterus perryi anarudi, na bila kumtaja ningekuwa nimepanga ushahidi upande mmoja. Watoto wake wanaokaribia kuzaliwa wamepimwa kama sentimita 6. Mama ana ukubwa uleule wa papa mkia-utepe, lakini mtoto ni theluthi ya urefu wake badala ya nusu. Basi sentimita 11 haziwezi kuwa amri ya ukoo mzima. Kuna nafasi ya kujadiliana na mazingira, na kila mstari wa papa umejadiliana kivyake. Hata hivyo, tofauti kati ya sentimita 6 na 11 ni ndogo ukiiweka kando ya kibuu cha milimita 3. Mjadala wote unafanyika ndani ya chumba kimoja chembamba.

Familia ya papa mkia-utepe, Proscylliidae, inaonyesha jinsi mstari wake ulivyofika kwenye mimba. Ni familia ndogo yenye jenasi tatu tu. Katika jenasi ya Proscyllium yumo P. habereri wa Asia ya Mashariki, naye hutaga mayai yenye vifuko, kama papa wengi wanaolala chini. Katika jenasi ya Eridacnis jike hubaki na mayai tumboni mpaka mtoto akomae. Familia moja ina njia zote mbili, kwa hiyo kuhama kutoka kutaga hadi kuzaa si jambo la kuvuka bahari. Yai lilelile lenye kiini kikubwa, kifuko kikibaki chembamba au kikipotea kabisa, linaweza kukaa ndani badala ya kutupwa nje. Kwa mama mdogo faida iko wazi. Yai la papa hutumia miezi mingi kabla ya kuanguliwa, na juu ya tope tupu hakuna mwani wala tumbawe la kulifunga. Konokono wanaotoboa vifuko wana muda wa kutosha. Gharama nayo iko wazi. Anayetaga anaweza kuweka jozi mpya ya mayai baada ya wiki chache, ilhali anayebeba amefunga duka mpaka mzigo ushuke.

Jambo moja katika vipimo vya spishi hii huenda kinyume na desturi. Kwa papa wengi, jike huchelewa kukomaa na huwa mkubwa kuliko dume, kwa sababu tumbo linahitaji nafasi. Huyu dume wake hukomaa kwenye sentimita 18 au 19, jike kwenye 15 au 16, ingawa jike ndiye anayefikia urefu wa juu zaidi. Mtoto akizaliwa na sentimita 11, msichana amebakiza sentimita nne au tano tu kabla ya kuwa mama. Karibu ukuaji wake wote umeshafanyika ndani ya tumbo. Nikilitazama hivyo, ule mzigo wa kutisha wa mimba unaanza kuonekana kama malipo ya mapema: mama analipa sehemu ya utoto wa binti yake ili utoto wenyewe, ambao ndio wakati wa hatari, uwe mfupi.

Mahali anapoishi panasaidia kueleza mengine. Amepatikana kuanzia mita 71 hadi mita 766, yaani kutoka ukingo wa maji ya kina kifupi, pale sakafu inapoanza kuporomoka, hadi katikati ya mteremko. Kwenye mita 700 shinikizo ni zaidi ya mara sabini ya lile tulilozoea juu ya ardhi, na mwanga uliobaki, ukiwapo, ni wa samawati hafifu. Shinikizo huvuruga protini, na urea nayo huzivuruga. Papa hujikinga kwa kiambata kingine, trimethilamini oksidi, ambacho hushikilia protini katika umbo lake. Kadiri papa wanavyoishi chini zaidi ndivyo mwili wao unavyokuwa na kiambata hicho kwa wingi, huku urea ikipungua. Paul Yancey na wenzake wametumia mwenendo huo kueleza kwa nini papa hutoweka karibu kabisa chini ya mita 3,000, wakati samaki wenye mifupa huendelea hadi zaidi ya mita 8,000. Imants Priede na wenzake, mwaka 2006, walielekeza kidole kwenye njaa: papa huhitaji ini kubwa lenye mafuta ili asizame, na kilindi kirefu hakina chakula cha kulilipia.

Mpishi yeyote wa pwani ameshakutana na kemia hii bila kupanda meli. Papa akikaa bila kuoshwa, bakteria huigeuza urea kuwa amonia, na chumba chote kikanuka kama choo. Ndiyo maana huoshwa haraka, hupakwa ndimu au hutiwa siki kabla hajaingia kwenye nazi. Asidi huikamata amonia na kuifunga.

Kuhusu hisi, udogo una bei yake. Papa hutambua umeme dhaifu unaotolewa na misuli ya mawindo kwa vijishimo vya ngozini vilivyojaa ute, ambavyo Stefano Lorenzini wa Italia alivieleza mwaka 1678. Adrianus Kalmijn alithibitisha kazi ya vijishimo hivyo mwaka 1971 alipoonyesha kuwa Scyliorhinus canicula anaweza kumpata samaki bapa aliyefukiwa mchangani kwa kufuata umeme pekee. Mifereji ya vijishimo hivyo hupima tofauti ya umeme kati ya mwanzo na mwisho wake, kwa hiyo mfereji mrefu husikia mbali zaidi. Kichwa cha papa mkia-utepe hakina nafasi ya mifereji mirefu. Yeye ni mwindaji wa hatua chache, anayetambua kamba aliye chini ya pua yake, na kwa tope lenye wakazi wengi hilo linatosha. Meno yake yanaendana na kazi hiyo: madogo, yenye ncha moja katikati na vijincha pembeni, na yale ya nyuma yamepangwa kama chanuo. Ni meno ya kunasa. Hayawezi kukata pande la nyama.

Kaskazini mwa eneo lake, katika Bahari ya Arabu na Ghuba ya Bengali, kuna tabaka kubwa la maji yenye oksijeni haba sana, kuanzia mita mia na kitu hadi zaidi ya mita elfu. Kina hicho ndicho chake pia. Kwa mnyama asiyekimbia, mwenye mahitaji madogo, tabaka kama hilo linaweza kuwa ngome, maana wakubwa wenye pupa ya oksijeni hawakai humo muda mrefu. Papa mwingine wa maji hayo, Iago omanensis wa pwani ya Oman na Bahari ya Shamu, ana matamvua makubwa kuliko jamaa zake wa maji ya juu. Ninaelekea kuamini kwamba wingi wa papa mkia-utepe katika sehemu za India unahusiana na ngome hiyo, japokuwa Tanzania, ambako maji ya kina hicho yana nafuu, inaonyesha kwamba anaweza kuishi bila hiyo.

Kwa upande wetu wa bahari, umbile la sakafu ndilo la kuzingatiwa. Rafu ya maji ya kina kifupi katika pwani ya Tanzania ni nyembamba. Sehemu nyingi mteremko unaanza kilomita chache tu kutoka ufukweni. Unguja na Mafia zimekaa juu ya rafu hiyo. Pemba haikukaa hivyo: mkondo unaoitenga na bara unashuka hadi karibu mita 800. Kwa hiyo tope la kina kinachomfaa papa huyu liko jirani kabisa na mashua za Tanga na Mkoani. Leonard Compagno, katika orodha ya papa wa dunia aliyoiandikia FAO mwaka 1984, aliitaja Tanzania ndani ya eneo lake.

Lakini mvuvi wa Tanga hamwoni. Nyavu ambazo zingeweza kumkaribia ni jarife, zile za kuvulia papa na taa, zikizamishwa mbali. Hizo ndizo zilizowatoa samaki waitwao silikanti, wa kwanza nchini Songo Mnara mwaka 2003, kisha wengi karibu na Tanga miaka iliyofuata, mpaka Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ikaanzishwa mwaka 2009. Silikanti ana urefu wa mtu. Papa wa sentimita ishirini anapita kwenye tundu la jarife bila kugusa uzi. Meli za kukokota kamba, kwa upande wao, zilifanya kazi kwenye maji ya kina kifupi ya Bagamoyo na Rufiji. Kati ya zana hizi mbili lipo pengo, na mteremko mzima umekaa ndani yake.

Waliochungulia humo ni wasafiri wa utafiti. Meli ya Misri, Mabahiss, ilipita katika msafara wa John Murray wa 1933 na 1934, na kutokana na samaki wa msafara huo J. R. Norman alimwandika mwaka 1939 papa mdogo wa upande wa Zanzibar, Holohalaelurus melanostigma. Mwaka 2006 Brett Human akamtenga jamaa yake wa Afrika Mashariki, H. grennian. Ndugu wa karibu wa papa mkia-utepe, Eridacnis sinuans anayefikia sentimita 37 na kuishi kusini mashariki mwa Afrika, aliandikwa mwaka 1957 na J. L. B. Smith, ambaye ndiye aliyempa silikanti jina lake mwaka 1939. Orodha hii fupi yenyewe ni ushahidi wa jambo fulani: papa wa mteremko wetu wamejulikana kwa kasi ya msafara mmoja baada ya miongo kadhaa.

Je, yuko hatarini? Katika orodha ya IUCN amewekwa kwenye daraja la wasio na wasiwasi mkubwa, na naiona hukumu hiyo kuwa ya haki kwa sasa. Eneo lake ni pana, katika sehemu za India ni wengi, na hakuna anayemtafuta. Papa wengi wa kilindini hawana bahati hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science, ukiongozwa na Brit Finucci, ulikuta kwamba spishi moja kati ya saba za papa na taa wa maji ya kina kirefu iko katika hatari ya kutoweka, na mafuta ya ini ni mojawapo ya sababu kuu. Maldivi iliwahi kuwa na uvuvi wa papa wa kilindi kwa ajili ya mafuta hayo. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 na haukuchukua muda mrefu kuporomoka. Pwani yetu nayo iliyajua mafuta ya papa, sifa, yaliyopakwa majahazi yasiliwe na bahari. Ini la papa mkia-utepe halitoshi hata kulainisha bawaba, na hilo limemwokoa.

Kisichomwokoa ni wavu wa kukokota wa kamba wa kilindini, kama ule unaotumika kusini magharibi mwa India. Matundu yake ni madogo kwa sababu kamba ni wadogo, na kila kilicho juu ya tope hupanda nao. Papa huyu akifika bandarini huchanganywa na vibudu vingine na kupelekwa kusagwa kuwa unga wa samaki. Hahesabiwi kwa kichwa. Anaingia kwenye daftari kama kilo ndani ya kilo.

Hapo ndipo mimba inaporudi kwenye hesabu. Ili idadi ya wanyama isishuke, kila jike lazima katika maisha yake yote aache watoto wawili watakaofikia kuzaa. Samaki anayetaga mayai laki moja ana nafasi kubwa ya kupoteza. Anayetoa mmoja au wawili kwa mimba hana nafasi hiyo, na wavu unaomchukua jike mjamzito huchukua vizazi viwili kwa wakati mmoja. Kujua ni mimba ngapi anazipata kunahitaji kujua umri, na umri wa papa husomwa kwenye pete za uti wa mgongo au kwenye miiba ya mapezi. Papa mkia-utepe hana miiba, na pingili za papa wengi wa kilindi zina chokaa kidogo mno kuonyesha pete zinazosomeka. Kipimo cha haraka zaidi ni cha kizamani: kutenga papa hawa kwenye rundo la bandarini, kuwapasua, na kuandika ni majike wangapi kati ya mia wana mimba katika kila mwezi wa mwaka.

Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kukokota nyavu sakafuni chini ya mita 800 katika maji yake ya Atlantiki ya kaskazini mashariki. Kanuni hiyo hutajwa mara kwa mara kama kielelezo kwa bahari nyingine, na kwa matumbawe ya maji baridi na papa wakubwa wa kilindi ina manufaa makubwa. Kwa mnyama ambaye kina chake kirefu kilichoandikwa ni mita 766, mstari huo ukihamishiwa Bahari ya Hindi jinsi ulivyo, utawaacha wote upande unaoruhusiwa kukokotwa.